Saa Aliyoitega Mzee Bitegeko

Kabla ya kuzungumza jambo lolote, watunza saa wa vituo viwili huonyeshana saa zao. Ndiyo desturi ya kazi ile, kama kupiga hodi. Kwa hiyo adhuhuri ile ya Jumatatu, sura ya mwanamume asiyemjua ilipotokea kwenye kioo cha mawasiliano, Domitila Bitegeko hakumuuliza jina. Aligeuza kamera ikatazama ukutani, kwenye saa ya mbao yenye pendulamu, akasubiri mgeni naye ageuze ya kwake.

Mgeni akageuza. Saa yake ilikuwa ya bati, imechubuka rangi, na kioo chake kimeshika ukungu wa baridi. Mshale mfupi ulikuwa kwenye sita. Mshale mrefu ulikuwa umeipita kumi na mbili kidogo tu.

Domitila akaitazama, kisha akageuka kuitazama ya kwake. Mshale mfupi kwenye sita. Mshale mrefu umeipita kumi na mbili kidogo tu.

"Zinalingana," alisema yule mtu. Mashine ya kutafsiri ilimpa Kiswahili kilichonyooka kama cha vitabu vya shule. "Hilo sijawahi kuliona. Uko wapi, Bi Mtunza Saa?"

"Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Na wewe?"

"Newfoundland. Kijiji kinaitwa Pinnock, lakini ramani nyingi zimekisahau. Mimi ni Ambrose Snook. Niwie radhi kukusumbua. Huku bado ni alfajiri, kuna giza."

"Huku ni mchana," Domitila alisema, na maneno yakamtoka polepole, kama mtu anayekanyaga ngazi asiyoiona.

Ambrose alivaa makoti mawili. Nyuma yake palionekana mabenchi ya kanisa, na juu ya mabenchi watu waliofunikwa mablanketi. Akaeleza haja yake. Majira haya ya baridi, kama yale yaliyotangulia, Mwali uliwafikia hafifu, siku nyingine haukufika kabisa. Kuni hawana, misitu iliteketea enzi za babu zao. Barafu imefunga bahari na dhoruba imezuia ndege. Amevipigia vituo vyote vya nusu, kimoja baada ya kingine: Tehran, Kabul, Colombo, Yangon, Adelaide, hata wale wa visiwa vya Marquesas. Wote wanapata fungu lao.

"Wewe ndiye wa mwisho kwenye orodha," alisema. "Nilitaka kujua tu. Nanyi umewapungukia?"

"Sisi..." Domitila aliitazama tena saa ya ukutani. "Sisi tunapata."

Sauti ya mzee ilipasuka kutoka kwenye mablanketi. "Muulize huko kwao jua linauzwaje!"

"Nyamaza, Hezekia. Huyu ni Hezekia, mpiga kengele wetu. Ana miaka themanini na hajui adabu."

"Mwambie nimeoa mara mbili," mzee aliendelea, "na wote wawili, hata waliponinunia, walikuwa na joto kuliko jiko hili la Ambrose!"

Watu wa mablanketi wakacheka. Kicheko kiliishia kwenye kikohozi. Ambrose naye alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Juzi tulimkuta jirani yetu Trifena amekaa kitini, kikombe mkononi. Chai ilikuwa imeganda. Tangu hapo tumehamia sote hapa kanisani. Tuko kumi na tisa."

Trifena. Domitila alikuwa na shangazi wa jina hilo.

"Nitaangalia upande wetu," alisema. "Nitakupigia kesho."

"Asante. Wewe ni wa kwanza kuahidi kitu."

*

Mwali hauna ramani. Kila mwanafunzi huanza na sentensi hiyo. Waliotundika ile mitambo angani, inayokusanya nguvu ya jua na kuishusha duniani, waliogopa kwamba mwali unaojua mahali watu walipo ungeweza siku moja kutumwa kuwachoma. Wakala kiapo mitambo isifundishwe mahali popote. Ikafundishwa saa. Kituo cha chini huita kwa kusema saa yake, na Mwali huifuata sauti hiyo na kushuka. Saa moja, fungu moja. Vituo viwili ambavyo havikuandikishwa pamoja vikiita kwa saa ileile, fungu huenda kwa kile chenye sauti kubwa.

Nchi nyingi hutofautiana kwa saa nzima, hivyo nyingi huita kwa pamoja, saa inapogonga, na foleni yake ni ya mabilioni. Vituo vya nusu huita baadaye, dakika ya thelathini, foleni ikiwa imepungua. Domitila aliandika tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya jambo hilo. Alijua nani ana nusu na kwa nini: Iran saa tatu u nusu mbele ya saa ya dunia, Afghanistan nne u nusu, India na Sri Lanka tano u nusu, Myanmar sita u nusu, Australia ya kati tisa u nusu. Nyuma ya saa ya dunia wako Marquesas, tisa u nusu, na Newfoundland, tatu u nusu. Alijua hata kwamba Nairobi, zamani za mkoloni, iliwahi kuhesabu saa mbili u nusu. Na hapo ndipo alipopata wazo lake. Kigoma, ambayo siku zote ilikuwa mkiani mwa foleni ya saa nzima na kupata makombo, nayo ihesabu saa mbili u nusu. Irudi nyuma nusu saa tu. Watu wa Tabora waliwacheka, wakawaita "wanusu". Watu wa Kigoma wakavumilia, kwa sababu binti wa fundi saa wa Ujiji aliwaahidi hospitali isiyozimika.

Maombi yalipelekwa kwenye Baraza la Mwali. Jibu lilichelewa. Siku ya kujaribu mtambo wa kituo, miaka minne iliyopita, mkuu wa kituo, Injinia Ruhasha, alimwalika Mzee Bitegeko aitege saa ya kituo kwa mkono wake, iwe heshima kwa mzazi. Mzee alivaa koti lake la harusi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, naye akaitega kama alivyozitega saa zote za Ujiji kwa miaka hamsini: mshale mfupi kwenye tatu.

"Saa za kigeni huanza kuhesabu usiku wa manane, watu wakiwa wanakoroma," aliwaambia wageni, wakacheka. "Ya kwetu huanza jua likitoka. Saa ihesabu watu wakiwa macho."

Mtambo ukausoma mshale. Ukaita. Na Mwali ukashuka.

Watu walipiga vigelegele. Walidhani kushuka kule ndiko jibu la Baraza. Domitila, mwenye hesabu zote za dunia kichwani, alisimama kando ya baba yake akipiga makofi, na hakukumbuka kwamba mtambo haukulelewa Ujiji. Ulipoona mshale kwenye tatu, uliamini kuwa ni saa tatu tangu usiku wa manane. Mahali ambapo ni saa tatu tangu usiku wa manane, wakati Kigoma jua limeshapanda, ni Newfoundland. Wakati wa kiangazi watu wa Newfoundland husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na vituo viwili huachana. Majira ya baridi huzirudisha. Hapo sauti mbili huita kwa saa ileile, na sauti ya Kigoma, iliyo karibu na ikweta chini kabisa ya njia ya mitambo, ndiyo kubwa.

Majira manne ya baridi.

*

"Niambie nimekosea," Domitila alisema.

Injinia Ruhasha alikuwa amevuta karatasi na kuchora saa mbili. Alikuwa mtu mnene mwenye vidole vya taratibu. Alichora mishale, akaifuta, akaichora tena. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na huyo mtu wa barafu?"

"Ameona zinalingana. Hajajua maana yake. Tena ni mtu mwenye akili, Injinia. Atajua."

"Tupunguze sauti basi. Tugawane."

"Nimeshapiga hesabu. Nusu ya fungu haiwashi jiko lao la kijiji, na haiendeshi mashine za figo hapa. Tutakuwa tumeua pande zote mbili."

"Turekebishe saa tuite kwa mbili u nusu, kama tulivyoomba."

"Baraza halikuwahi kujibu. Nimetazama kitabu chao leo. Saa yetu haimo. Kitabu kinafunguliwa tena baada ya miaka sita. Na kituo kikiiacha saa, hakirudishiwi; ile ya saa nzima tumeshaipoteza."

Ruhasha akaketi. Nje, chini ya kilima, king'ora cha hospitali kililia kidogo kikanyamaza, gari la wagonjwa likipisha mbuzi.

"Watu sitini na watatu wanasafishwa damu pale," alisema. "Nikipiga simu Mwanza, watachukua ishirini. Na watataka walio chini ya miaka sitini."

"Baba ana sabini na moja."

"Najua umri wa baba yako, Domi." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Sikiliza, mwanangu. Wale huwajui. Sisi hatukuiba. Mtu hawezi kuitwa mwizi kwa sababu ya mshale wa saa."

"Hadi saa sita mchana wa leo hatukuwa wezi. Na sasa?"

Ruhasha alikunja ile karatasi mara mbili. Kisha akasema, macho yakiwa mezani, "Sitakutuma na sitakuzuia. Ufunguo wa saa unao wewe."

Domitila alikuwa amemheshimu mtu huyu tangu akiwa mwanafunzi. Aliitazama mikono yake mizito, akaona kwamba heshima nayo huweza kuisha mchana kweupe, bila kelele.

*

Mzee Bitegeko alikuwa kibarazani, miwani ya kioo kinene jichoni, anachokonoa saa ya mkononi ya mtu. Pembeni yake palikuwa na kikombe kidogo cha bati. Daktari alimruhusu vikombe vitatu vya maji kwa siku, naye aliyanywa kwa kijiko, kama dawa.

"Umerudi mapema," alisema. "Wamekufukuza?"

"Bado, Baba."

"Wakikufukuza nitakufundisha kazi ya maana." Aliinua saa ile kuiangalia kwenye mwanga. "Huyu aliyeileta hii anasema inachelewa. Nikamwambia, bwana, saa yako nzima, mchelewaji ni wewe."

Domitila alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amepanga maneno njiani, na sasa yote yakamkimbia. Akaeleza vibaya, akaanza katikati, akarudi mwanzo. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwenye chai iliyoganda, mzee alivua miwani.

"Mimi ndiye niliyeitega," alisema.

"Hukukosea. Uliitega sawasawa. Mimi ndiye niliyesoma. Mimi ndiye nilipaswa kuuliza mtambo unahesabu kutoka wapi."

"Miaka hamsini nimewatengenezea watu saa, hakuna aliyedhurika." Aliitazama mikono yake, yote miwili, mgongo na kiganja. "Hata kidole hakikukatika."

Walikaa. Jirani alipita, akawasalimu, wakaitikia kwa sauti za kawaida, kwa kuwa salamu haingoji moyo wa mtu utulie.

Domitila alikuwa ametarajia kitu kutoka kwa baba yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na bado aliamini kwamba watu wema, wakiambiwa ukweli, hunyooka na kusema neno linalofungua njia. Alimngojea alitamke.

"Naogopa, Domi," baba yake alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, akiona haya. "Mama yako alipokuwa anaondoka nilimwambia asiogope. Sasa najua nilikuwa nasema upuuzi. Mimi nataka kuwapo. Ukiniuliza kama uzime, nitakwambia usizime. Basi usiniulize."

"Sitakuuliza."

"Kesho ni zamu yangu ya asubuhi kwenye mashine. Saa mbili mpaka saa sita." Akaokota bisibisi yake ndogo, akaiweka chini. "Ningoje nitoke. Hilo tu. Niende nayo hiyo moja, damu safi, nipate siku mbili tatu za kukaa nawe kichwa kikiwa chepesi. Ni saa nne tu, mwanangu. Wamengoja miaka minne."

Domitila aliinamisha kichwa. Alijua kwamba saa hizo nne za asubuhi Kigoma ni za usiku kule, zile za mwisho kabla ya alfajiri, ambazo baridi hufikia mfupa. Alijua, na akasema, "Nitakungoja, Baba."

Mzee aliupapasa mkono wake. Halafu, kwa sababu alikuwa fundi na hakuweza kujizuia, akamwonya, "Usiirudishe nyuma. Saa ya kugonga hairudishwi nyuma, utaipasua matumbo. Izungushe mbele polepole. Kila ikifika saa, simama, iache igonge yote, ndipo uendelee."

*

Asubuhi ya Jumanne, saa mbili, baba yake alipokuwa anatafutiwa mshipa wodini, Domitila alisimama kwenye ujia wa hospitali akampigia Ambrose kwa simu ya mkononi ya kituo. Kanisani kulikuwa na mshumaa mmoja. Ambrose aliongea kwa kunong'ona ili asiwaamshe watu.

Akamwambia yote. Safari hii maneno yalijipanga. Alipomaliza, Ambrose alihesabu kwa vidole mbele ya mshumaa.

"Majira manne," Ambrose alisema.

"Ndiyo."

"Nilimwambia mke wangu ni hitilafu. Mwaka wa kwanza. Nilimwambia watarekebisha."

Domitila aliuma mdomo kwa ndani. Akasikia ladha ya chumvi.

"Utafanya nini?" Ambrose aliuliza.

"Nitaiachia saa yenu. Kwenu mtapata fungu lote. Nitaizungusha leo saa sita mchana. Kwenu itakuwa alfajiri, saa kama ile uliyonipigia jana."

"Kwa nini usubiri mpaka wakati huo?"

"Kuna watu kwenye mashine sasa hivi."

Ilikuwa kweli. Aliitazama kweli hiyo ikienda, imevaa vizuri, na akajichukia.

"Nani huyo?" sauti ya Hezekia iliuliza gizani. Ilikuwa nyembamba kuliko jana. "Ni yule binti wa jua? Mwambie aniletee kidogo kwenye kopo."

"Anasema asubuhi," Ambrose alimjibu.

"Asubuhi! Wanawake wote husema asubuhi."

Hakuna aliyecheka, wengine walikuwa wamelala.

Domitila akaingia wodini. Vitanda ishirini, mashine ishirini, kila moja ikinguruma taratibu kama paka. Baba yake alikuwa wa nne kutoka dirishani, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Alikuwa akibishana na mgonjwa wa kitanda cha pili juu ya timu ya mpira iliyovunjika kabla wote wawili hawajazaliwa. Alipomwona binti yake alinyamaza, akamfanyia ishara akae. Akakaa. Kwa saa nne alishika kifundo cha mguu wake juu ya shuka, na kwa saa nne aliitazama saa ya wodi. Baba yake alisinzia, akaamka, akamuuliza kama amekula. Mara tatu Domitila aliinuka aende kituoni. Mara tatu alimtazama mzee aliyefumba macho, mdomo wazi kidogo, akaketi tena.

Saa sita muuguzi alichomoa mirija. Domitila alimfunga baba yake vifungo vya shati, akamwagiza kijana wa bodaboda wa jirani yao amfikishe nyumbani, akatoka.

Alikuwa amesahau benchi la ujiani.

Watu wa zamu ya mchana walikuwa wameshafika. Walikaa wakiwa wamebananisha magoti, kadi zao za bluu mkononi, nyuso zimevimba kwa maji ya siku mbili. Mama Nyabenda, muuza dagaa wa soko la Mwanga, alisogea kumpa nafasi.

"Baba ametoka salama, mwanangu?"

"Ametoka, Mama."

"Mshukuru Mungu. Basi sasa ni zamu yetu." Akapiga paja lake lililojaa maji, akacheka. "Leo nimekuwa pipa. Wakinitoboa nitamwagilia shamba."

Domitila alisimama mbele ya benchi lile. Aliwahesabu bila kutaka. Alikuwa amengoja zamu moja, ya mtu mmoja, na kila aliyekaa pale alikuwa baba au mama wa mtu. Akingoja na hii, itabaki ya jioni. Akingoja ya jioni, kesho asubuhi kuna nyingine. Hakukuwa na saa safi ya kuzima. Labda ile ya jana adhuhuri, kabla hajampenda mtu yeyote kwa upendeleo, na hiyo ilishapita.

"Mama Nyabenda," alisema. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini tena? Pita, pita, usichelewe kazini."

*

Kituoni hapakuwa na mtu. Ruhasha alikuwa ameacha karatasi mezani: *Mwanza wamekubali ishirini na watatu. Basi litaondoka kesho alfajiri. Nimeandika majina.* Jina la baba yake halikuwamo. Wala la Mama Nyabenda.

Saa ya mbao ilisema sita u nusu. Domitila alifungua mlango wake wa kioo, akaweka kidole kwenye mshale mrefu, akausukuma mbele. Ulipofika juu, akauachia. Saa ikagonga saba. Alingoja mapigo yote yaishe, kama alivyoelekezwa. Akasukuma tena. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili ilichukua muda mrefu sana. Halafu akausukuma nusu duara ya mwisho.

Mtambo ukausoma mshale. Kituo cha Kigoma, kwa mara ya kwanza tangu kijengwe, kikaita kwa saa yake ya kweli, na Mwali haukuitika.

Sindano ya kipimo ilishuka bila haraka mpaka ikalala. Feni ya dari ikapunguza mwendo, ikasimama. Kutoka chini ya kilima hakukusikika ukelele wala king'ora. Mngurumo ule wa hospitali tu, ambao kwa miaka minne watu walikuwa wameacha kuusikia, haukuwapo.

Simu ya kituo, yenye betri yake, iliita baada ya dakika kumi. Nyuma ya Ambrose kulikuwa na mwanga wa rangi ya chungwa. Watu walikuwa wamelizunguka jiko, wengine wakilia, mtoto mmoja amenyoosha viganja vyote viwili kwa moto kama anayeomba dua.

"Umefika," Ambrose alisema.

"Ashukuriwe Mungu."

"Hezekia hakungoja." Alikuwa amevua kofia. "Nadhani ilikuwa kama saa moja iliyopita. Alikuwa anazungumza, akaacha. Tulidhani amelala."

Domitila alishika ukingo wa meza.

"Wale watu wa kwenye mashine," Ambrose alisema. Kiswahili cha vitabuni hakikupanda wala kushuka. "Alikuwamo wako?"

Angeweza kukana. Maili zilikuwa nyingi, na yule mtu hakuwa na njia ya kujua.

"Baba yangu," alisema.

"Alimaliza?"

"Alimaliza."

Ambrose alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Hakusema kwamba amesamehe, wala kwamba angefanya vilevile. Aliigeuza kamera kuelekea saa yake ya bati, kama desturi inavyotaka mazungumzo yanapofungwa, na Domitila akaigeuza ya kwake. Mshale mfupi wa Pinnock ulikuwa umeipita sita. Wa Kigoma ulikuwa umeipita kumi na mbili. Zilitazamana hivyo kwa muda.

"Hazilingani tena," Ambrose alisema, akakata.

*

Alimkuta baba yake kibarazani, amepata rangi, macho maangavu kama kila baada ya zamu. Alikuwa amemaliza ile saa ya mteja na kuifunga kwenye kitambaa. Alikuwa amepika uji mwepesi, vikombe viwili, chake nusu.

"Nimeusikia umeme unaondoka," alisema. "Redio imekufa katikati ya neno."

"Ndiyo, Baba."

"Uliisubiri igonge yote?"

"Niliisubiri."

"Vizuri." Akamsogezea kikombe. Chini barabarani watu walikuwa wanaitana kutoka nyumba hadi nyumba, wakiulizana kama na kwao umekatika, na wengine wanacheka bado, kwa kudhani ni hitilafu itakayorekebishwa. Mzee aliwasikiliza. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Wale watu. Wamepata moto?"

"Wamepata."

"Wote?"

Domitila aliuchukua mkono wa baba yake. Juu ya bandeji ya sindano, saa yake ya zamani ilikuwa inatembea, mshale mfupi karibu na nane, jinsi alivyoitega mwenyewe, jinsi atakavyoitega mpaka mwisho. Akairudisha chini ya mkono wa shati, akafunga kifungo.

"Kunywa uji, Baba," alisema. "Unapoa."